Mkwe wa Kila Jumanne

Nyumba yetu pale Tunduma haikujua kukaa tupu. Mume wangu Ramadhan alikuwa dereva wa lori la mizigo, akienda Kitwe na Ndola na kurudi, na kila aliporudi alishuka na mtu: utingo mwenye homa, mjomba wa fulani, Mzambia aliyekosa gari la kwao. Mimi kazi yangu kuongeza maji kwenye maharage. Kwa hiyo ilipofunguliwa ile kliniki ya mafunzo kwenye kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, nyuma ya ua wetu kabisa, ikaonekana wagonjwa wamepewa vitanda lakini waliowaleta hawana pa kulala, hakuna aliyekuja kuniuliza. Walikuja tu na mikeka yao kwapani, wakaniamkia, wakaingia.

Ilikuwa kliniki ya maradhi ya akili. Mtaani wakasema "kwa vichaa", na wiki ya kwanza watu walipita upande wa pili wa barabara wakitegemea kuona vituko. Hawakuona kitu. Wengi wa mle hawakuwa watu wa kurusha mawe. Walikuwa watu waliokaa kimya mno, au wasiolala, au walioacha kula bila kuugua tumbo. Na waliokuwa wakiwatibu walikuwa wanachuo, wauguzi waliokuja kujifunza kumtibu mtu kwa kuongea naye. Sisi tukacheka. Jirani yangu akasema kama maneno yanatibu, basi mimi Mama Pili ningekuwa daktari wa mkoa.

Mwalimu wao alikuwa Bwana Makame, Mzanzibari mwembamba mwenye miwani, aliyesoma elimu ya nafsi ng'ambo. Alikuwa akila kwangu mchana, maana mpishi wa kambi alimshinda, na mimi nilijua madereva gani wa kuwaagiza nazi. Mtu mpole, hana makuu, ila akianza kueleza kazi yake wali unapoa.

"Wizarani hawaniamini, Mama Pili," aliniambia siku moja. "Wanasema sindano ni sindano, maneno ni maneno. Wamenipa muda wa kufanya utafiti. Nikiwaonyesha kwamba wanaoongeleshwa wanapona kuliko wanaopewa dawa peke yake, kliniki hii itabaki. Nisipoonyesha, watafunga, na hawa watu watapakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali kubwa huko mbali."

"Huko si wanatibiwa pia?"

"Wanatibiwa. Ila mtu akishaingia kule, kwao huanza kumsahau."

Utafiti wenyewe alinieleza hivi. Wagonjwa waligawanywa kwa kura makundi mawili, la dawa tu na la maongezi. Walioangukia maongezi, kila mmoja alipigiwa kura tena kupata mwanachuo wake, na huyo ndiye angekaa naye kila Jumanne mpaka mwisho, hakuna kubadilishana. Chumba cha maongezi kilikuwa na kiambaza cha matete upande mmoja. Nyuma ya matete alikaa Bwana Makame na wanachuo wengine, wanaona, wanasikia, wanaandika. Mgonjwa alikuwa anajua kwamba kuna watu mle nyuma. Bwana Makame hakuficha. Kilichotazamwa kuliko vyote ni mgonjwa anasema nini, anasema kiasi gani, na kama anamtazama mwenzake usoni.

Mimi Jumanne nilikuwa nawapelekea chai na mihogo ya kuchemsha. Ndiyo maana mengi niliyaona mwenyewe, sikusimuliwa.

Sasa Enesi. Aliletwa na mama yake, Yunisi, kutoka Igamba, wakashukia kwangu, na mama alibaki kwangu muda wote. Enesi alikuwa hajafika miaka thelathini, mrefu, mikono ya mtu wa kazi ya kahawa, macho yamezama. Alikuwa amefiwa na mtoto mchanga wa kiume mwaka ule wa kuhamia vijijini. Baada ya msiba akaacha kula. Halafu akaanza kurudi kwenye boma lao la zamani lililokwisha kuezuliwa, analala mle ndani hakuna paa. Siku moja alikwenda na binti yake wa kwanza, Marta, mtoto wa miaka minne, wakanyeshewa pamoja, na mtoto akaugua kifua. Hapo upande wa mume wakasema basi. Marta akachukuliwa na wifi yake Enesi, anaitwa Fides. Mume mwenyewe, Osea, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtoto wa mwisho kwao na neno lilikuwa la baba yake. Baba mkwe akatamka: Enesi aende kwa serikali, kliniki ikisema ni mzima, atarudi kwa mumewe na mtoto wake. Kliniki isiposema, Osea ataoa mwingine, na mtoto ni wa ukoo.

Enesi hakuwa na habari na mume sana. Alikuwa anamtaka Marta. Kwangu jikoni, akianza kuchangamka, hilo ndilo lilikuwa neno lake. Akiona kanga ya Pili wangu imechanika atashona huku akisema, Marta naye sijui nani anamshonea. Akisonga uji atasema, Marta hapendi mabonge. Na alianza kuchangamka upesi. Yunisi aliniambia mwanawe ameongea kwenye jiko langu kuliko alivyoongea mwaka mzima. Alikuwa anacheka hata na umbea wangu, na wakati mwingine anauliza, "Halafu yule mke wa bwana forodha akasemaje?"

Kwa hiyo nilipopeleka chai Jumanne moja nikachungulia kwenye matete, nilishangaa. Enesi alikuwa amekaa chini sakafuni, kiti amekiacha. Amempa mgongo mwanachuo wake, kanga ameivuta mpaka imefunika kichwa na uso. Mwanachuo naye, mtu mzima wa makamo mwenye mvi za pembeni, amegeuza kiti chake anaangalia dirisha. Watu wawili chumba kimoja, kila mtu na ukuta wake. Yule bwana anauliza kwa sauti ya chini, "Umelalaje?" Kimya. "Unakula?" Kimya. Akainuka kufunga dirisha lililokuwa linapiga, na Enesi akajisogeza kona nyingine akitambaa, kama mtu anayekwepa moto.

Wanachuo nyuma ya matete wakaanza kubana kicheko. Bwana Makame akawatazama, wakanyamaza. Akaandika.

Nilimwambia Yunisi jioni ile. Hakushangaa hata kidogo. Alitabasamu, akaendelea kuchambua mchele.

Mwanachuo huyo aliitwa Andongwisye. Alifanya kazi migodini Kitwe miaka mingi, huduma ya kwanza, na alipozeeka kidogo akarudi nyumbani akaomba mafunzo ya uuguzi. Ramadhan alikuwa anamfahamu tangu Kitwe. Huyu ndiye aliyetuambia baadaye jinsi siku ya kwanza ilivyokuwa. Bwana Makame alikuwa amewafundisha kwamba kabla ya kumuuliza mgonjwa chochote, jieleze wewe kwanza: jina, kwenu, ukoo, mzazi wako. Basi Andongwisye akajieleza. Na alipomaliza, Enesi aliyekuwa amekaa vizuri kwenye kiti akaporomoka chini, akajifunika, akampa mgongo.

Andongwisye alikuwa baba mdogo wa Osea, ndugu wa tumbo moja na baba mkwe. Ng'ombe mmoja wa mahari ya Enesi alitoka kwenye mshahara wake wa Kitwe. Hawakuwa wameonana hata siku moja, na kliniki ilimwandika Enesi kwa jina la baba yake, kwa hiyo hakumjua mpaka alipoona vile alivyofanya.

Kwa sisi tuliotoka Kigoma mkwe anaheshimiwa, tena sana. Lakini kule Igamba, kwa watu wa Enesi, ni jambo jingine kabisa. Mwanamke hamtazami baba mkwe, hataji jina lake, hapiti njia aliyosimama, hali anapoonekana naye. Akiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Na ndugu za baba mkwe wote ni baba mkwe.

Andongwisye alimwendea mwalimu siku ile ile. "Mwalimu," alimwambia, "naomba unipe mgonjwa mwingine. Huyu ni mkwe wangu."

Bwana Makame akafurahi. "Vizuri. Mtu wa nyumbani, atakuamini upesi." Kisha akamweleza kwamba kura ikishapigwa haibadilishwi, kwa sababu kila mwanachuo angechagua mgonjwa rahisi, na utafiti ungekuwa bure. Andongwisye alikuwa mwanachuo, tena mzee kuliko wenzake, na cheti chake kilitegemea kumaliza na mgonjwa huyo. Hakusema tena. Kila Jumanne akaingia, akageuza kiti.

Mimi yote hayo sikuyajua. Niliyajua siku Enesi mwenyewe aliponiambia, tunachambua maharage, mimi na yeye na Yunisi, na mlango uko wazi watoto wanaingia wanatoka.

"Mama Pili," akasema, "nakaribia kwenda nyumbani."

"Mwalimu kakuambia?"

"Hajaniambia. Najijua. Wamenitega kila Jumanne, sijanasa."

"Nani kakutega wewe?"

"Mwalimu wenu huyo mpole." Akacheka kidogo. "Wamemtafuta mkwe wangu mpaka wakampata. Mtu alikuwa Kitwe miaka yote. Wakamleta, wakamweka chumba kimoja na mimi, wakakaa nyuma ya matete wanatazama. Mtu mwenye wazimu hana mkwe, Mama Pili. Atamkodolea macho, atamjibu, hata nguo atavua mbele yake. Mzima anajisitiri. Sasa wanangoja waone nitasahau lini."

"Hajasahau hata kidogo," Yunisi akadakia, na uso wake ulikuwa umejaa fahari. "Hata siku ile anaumwa jino."

Nikaacha ungo. "Na nani aliwaambia huo ni mtihani?"

"Mtihani gani mtu anatangaziwa?" Enesi akaniuliza. "Kwani wangemweka yule pale kwa sababu gani nyingine?"

Nilimtazama, nikaona ni mtu aliyefanya kazi ngumu akaimaliza vizuri, anasubiri kuitwa.

Kesho yake Bwana Makame alikuja kula, na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. "Kuna mmoja ananivunja moyo. Yule wa Igamba. Wenzake wote wa maongezi wamesogea, hata kidogo. Yeye yuko pale pale. Hatazami mtu, hajibu, anatambaa sakafuni. Zimebaki Jumanne chache. Nitalazimika kumwandika kwamba hajapona, na gari la kwenda hospitali kubwa linakuja mwisho wa mwezi."

"Bwana Makame," nikasema, "huyo Enesi ananisongea ugali kila siku huku akinisimulia Igamba yote. Mwizi wa kuku wa Igamba namjua kwa jina."

Akaweka kijiko chini. Nikamwambia, bila kupunguza. Nilipofika kwenye mtego na kunasa, alivua miwani.

"Sasa kwa nini Andongwisye hakuniambia?"

"Alikuambia."

"Aliniambia ni mkwe wake."

"Basi ndiyo hiyo."

Wali aliuacha. Siku hiyo hiyo aliwaita Enesi na Yunisi barazani kwangu, kwa sababu kliniki hakutaka, na mimi nikabaki kwenye mlango; nyumba ni yangu. Aliongea nao kwa adabu, amekaa chini mkekani kama wao. Akawaambia hapakuwa na mtego. Kura tu. Akawaambia kwamba yeye na wanachuo wake walikuwa wanasikiliza maneno, na mgonjwa asiyesema neno wanamwandika kuwa bado anaumwa.

Yunisi alielewa kwanza. Akashika mdomo.

"Mpe mtu mwingine," akasema. "Mpe hata huyu Mama Pili, atasema mpaka mchoke."

"Nikimbadilishia mtu sasa hivi, mama, anatoka kwenye utafiti. Na wizara imenipa vitanda vya watu wa utafiti tu. Akitoka anakwenda na gari."

"Basi nikae mimi katikati. Yeye ataniambia, mimi nitamwambia yule. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu."

Bwana Makame alifikiri hilo kwa haki, nilimwona. "Yatakuwa maneno yako, mama, si yake. Watu wa Dar es Salaam watasema nimejipikia majibu. Wakisema hivyo kwa mgonjwa mmoja, watasema kwa wote, na kliniki itafungwa kwa wote."

Hapo Enesi akauliza. Alimtazama mwalimu usoni kabisa. Huyu hakuwa mkwe wake.

"Nikisema, utaandika mimi mzima?"

"Nitaandika nilichosikia. Kwa ninavyokuona hapa, ndiyo."

"Na wakwe zangu walisema kliniki ikiniandika mzima, wananipa Marta."

"Ndivyo walivyoniletea neno."

"Walisema," Yunisi akakubali kwa sauti ndogo. "Lakini mwanangu, yule mzee ni mkwe."

"Najua ni nani, mama," Enesi akasema.

Siku zilizofuata hakucheka na umbea wangu. Jumanne ilipofika nilichukua birika mapema. Sitasema nilikuwa na sababu nyingine ila kutaka kuona.

Aliingia, akakaa kwenye kiti. Andongwisye alikuwa amekwisha kugeukia dirisha. Enesi akashika kanga yake, akaishusha mabegani. Kisha akamwita. Akamwita kwa jina lake.

Yule mzee alishtuka kama amepigwa. Akageuka, wakaonana.

"Umeniuliza nalala vipi," Enesi akasema. "Silali. Nikikueleza utasikia?"

"Nitasikia," Andongwisye akasema.

Akamweleza. Ilikuwa mvua siku ya kuhamishwa. Lori limejaa vyombo, mahindi, kuku, watu juu. Mtoto yuko mgongoni, amefunikwa na turubai pamoja na mama yake. Alilia, halafu akanyamaza, na yeye akashukuru kwamba amelala. Walipofika kijiji kipya wakaambiwa wapange mstari waonyeshwe viwanja. Akapanga mstari. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akagusa mguu wa mtoto, akaondoa mkono, asiseme kitu. Na Enesi akajua. Lakini hakutoka kwenye mstari. Alikuwa anawaza, nikimfungua hapa nitamweka wapi, sina hata nyumba. Akasimama naye mgongoni mpaka zamu yake ikafika, akaonyeshwa vigingi vinne kwenye matope, akasema asante.

"Nilisema asante," akamwambia Andongwisye. "Ndiyo maana narudi kule kwenye boma. Kule nilikuwa na nyumba ya kumweka."

Wanachuo nyuma ya matete hakuna aliyeandika. Msichana mmoja alikuwa analia waziwazi. Bwana Makame alisimama, akakaa, akasimama tena. Mle ndani Andongwisye alikuwa ameweka mikono magotini na machozi yanamshuka, hayafuti, na hakuwa anamtazama Enesi tena bali sakafu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Waliongea mpaka chai ikapoa. Na Jumanne zilizobaki waliongea hivyo hivyo. Alianza kulala. Alianza kunenepa hata mashavu. Bwana Makame aliniambia katika wagonjwa wote wa makundi yote mawili, hakuna aliyetoka mbali akafika mbali kama Enesi, na kwamba karatasi yake peke yake ingetosha kuwaziba midomo wizarani. Alisema hivyo akiwa na furaha ya kweli. Na mimi nilifurahi. Nilimshonea Marta gauni la kitambaa cha Zambia, maua mekundu, la kubahatisha kimo.

Ila Andongwisye hakuwa na raha. Alikuja kwa Ramadhan kukaa barazani, hasemi. Mwishowe alisema atakwenda nyumbani kuwaona kaka zake. Ramadhan akamwambia si lazima. Yeye akasema ni lazima. Mkwe akishamtazama mtu usoni na kumtaja jina, haiwezekani mtu huyo aende akakae na ndugu zake ale nao chungu kimoja kama hakuna kilichotokea. Lazima aseme, mbuzi achinjwe, ndipo ale nao. Hakwenda kushitaki. Ramadhan aliniapia hilo, na mimi nilimwamini, kwa sababu nilimwona mzee yule akiondoka; alitembea kama anakwenda kuzika.

Siku ya kuja wakwe, Enesi alikuwa ameamka mapema, ameoga, amesuka nywele. Gauni la Marta alilikunja akaliweka kwapani. Wanaume walibaki barabarani upande wa chini, chini ya bango la ushuru, wamegeukia Zambia: baba mkwe, Osea, na nyuma yao Andongwisye. Aliyeingia kwenye ofisi ya Bwana Makame alikuwa Fides, peke yake. Mtoto hakuwa naye.

Bwana Makame akamsomea. Amepona. Analala, anakula, anaongea, hana wazo la kujidhuru. Anafaa kurudi kwenye familia yake. Akamkabidhi karatasi yenye muhuri.

Fides aliishika karatasi kwa mikono miwili. Hakuwa na shari, tuseme ukweli. Alikuwa na aibu.

"Wifi," akamwambia Enesi, "nyumbani wamesikia. Kwamba ulimwangalia baba mdogo uso kwa uso, ukamwita jina, ukamweleza mambo ya ndani ya nyumba, watu wanatazama. Si mara moja."

"Nilifanya hivyo nipate karatasi hiyo," Enesi akasema. "Mlisema mnataka karatasi."

"Ndiyo, tulisema." Fides akaitazama karatasi. "Baba anasema hivi. Anasema yule Enesi aliyekuwa analala kwenye boma kwenye mvua, alikuwa anaumwa, lakini hata siku zile baba akipita njiani alikuwa anaiacha njia. Alikuwa bado ana akili ya kujua mkwe ni nani. Anasema huyu wa sasa ndiye ameharibika. Mtoto hawezi kulelewa na huyu."

Bwana Makame alitoka mbio kwenda barabarani. Mimi na Yunisi tulimwona kutoka mlango wa ofisi akiongea na baba mkwe, anaonyesha mikono, anaonyesha kliniki, anajigonga kifua kwamba kosa ni lake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Halafu akamjibu, na upepo ukatuletea.

"Mwalimu, wewe hujakosea. Wewe ulikuwa unajifunza. Sisi ndio tutakaoishi naye."

Osea alikuwa anatazama viatu vyake. Andongwisye alisogea mbele kidogo kama anayetaka kusema, kaka yake akageuza kichwa, na yeye akarudi nyuma.

Ofisini Enesi alimpa Fides gauni. "Mvalishe," akasema. "Likimpwaya, kunja pindo, usikate."

Fides akalichukua. Ndipo akalia, yeye.

Yunisi alirudi Igamba msimu wa kahawa, Enesi akabaki kwangu. Kwao alikozaliwa hakutaka kwenda. Huko kijiji kipya cha wakwe kinaonekana kutoka mlangoni. Alifanya kazi ya hoteli yangu, maana kufika hapo nilikuwa nimeshafungua hoteli ya kweli, na madereva walimpenda kwa kuwa hasahau mtu anakula nini. Kliniki haikufungwa. Bwana Makame alikwenda Dar es Salaam na utafiti wake, wakampigia makofi, wakamwongezea vitanda. Aliporudi hakuwa anaeleza tena kazi yake wakati wa kula. Alikula, akashukuru, akaondoka. Andongwisye alipata cheti, akaomba kupangiwa kazi Msangano, na hatukumwona tena.

Mwaka ulipokwisha, Bwana Makame alitakiwa kuwarudia wale wagonjwa wote, mmoja mmoja, kuona kama kupona kwao kumedumu. Ndivyo utafiti ulivyotaka. Kwa Enesi alikuja mwenyewe, hakutuma mwanachuo, akamkuta jikoni. Nilimpa kigoda mlangoni.

"Unalala?"

"Nalala."

"Chakula?"

"Kipo mbele yako, mwalimu, nakipika na nakila."

"Unarudi kule kwenye boma?"

"Sirudi."

"Unaongea na watu?"

Hapo hata yeye Enesi alitabasamu. "Muulize Mama Pili kama hapa kuna mtu anayeruhusiwa kunyamaza."

Bwana Makame akaandika. Likabaki swali la mwisho, na alichelewa kuliuliza. Mle jikoni kulikuwa na mvuke, miwani yake imeingia ukungu, na hakuifuta.

"Je, wewe mwenyewe unajiona umepona?"

Enesi alifunua sufuria, akaonja, akaongeza chumvi kidogo. Nje lori lilikuwa linapiga honi kwenye kizuizi.

"Andika ndiyo," akasema. "Kisha nipishe hapo mlangoni, mwalimu, watu wanangoja chakula."

Bwana Makame akaandika. Akainuka, akasogeza kigoda pembeni, akampisha.